Diwani Hana Greda

Tangu mabaraza mapya ya madiwani yaanze kazi baada ya uchaguzi wa Oktoba 2025, magrupu ya mitaa hapa Dar yamejaa taarifa za maendeleo ya kata. Unazijua. Greda linasukuma kifusi, diwani kasimama pembeni na kizibao cha njano na kofia ngumu, mhandisi ananyoosha kidole huko ambako kamera haifiki, chini imeandikwa "kazi inaendelea". Halafu vita inaanza, huyu anaandika hongera sana mheshimiwa, yule anauliza na sisi huku bondeni lini, wa tatu anadai greda limeishia kwa mjomba wa mtu. Mi naona wote, wanaoshukuru na wanaolalamika, wanagombania kitu ambacho diwani hana. Diwani hana greda, hana mkandarasi, na jina lake halipo kwenye mkataba wa ile barabara. Na kwa sababu tunampima kwa kilomita za lami, tunamwacha apite bila kuulizwa kuhusu vitu ambavyo vipo mkononi mwake kabisa: bajeti ya halmashauri, taka, usafi wa mitaro, mikopo ya vikundi, maswali anayouliza au asiyouliza kwenye kikao. Huko ndiko kata nyingi zinakopotea.

Kama huamini nenda kasome bango la mradi lililo karibu nawe, lile la bati lenye nguzo mbili ambalo muuza vocha ameshaligeuza kivuli. Lina jina la mradi, urefu wa barabara, mwajiri, mkandarasi, mhandisi mshauri, anayetoa hela, tarehe ya kuanza na ya kumaliza. Kwenye mstari wa mwajiri, kama ni barabara ya mtaani, utakuta TARURA, wakala wa serikali wa barabara za mijini na vijijini. Kama ni zile kubwa, Morogoro, Nyerere, Mandela, hizo ni za TANROADS, wakala wa barabara kuu, tangu zamani. TARURA ilianza 2017, kabla ya hapo barabara za mitaani zilikuwa za halmashauri zenyewe, mhandisi alikuwa chini ya mkurugenzi na mkurugenzi alikuwa anakaa mbele ya madiwani. Leo meneja wa TARURA wa wilaya anaripoti juu kwa wakala wake, na wakala uko chini ya TAMISEMI, wizara inayosimamia serikali za mitaa. Anaalikwa kwenye baraza, anasoma taarifa, anajibu maswali kwa heshima zote, lakini baraza halimwajiri wala halimfukuzi na hela zake hazipiti mezani kwao. Hela yenyewe sehemu kubwa inatoka Mfuko wa Barabara, yaani tozo unayolipa ukijaza mafuta, ambayo kwa miaka mingi imegawanywa asilimia 70 TANROADS na 30 TARURA, na 2021 ikaongezwa shilingi 100 kwa kila lita ya petroli na dizeli kwa ajili ya barabara hizi za chini. Hapa Dar ongeza mkopo wa Benki ya Dunia kupitia DMDP, ule mradi wa kuendeleza jiji, uliopitishwa 2015 na sasa uko awamu ya pili. Hata halmashauri inapotoa hela yake ya ndani kuchangia barabara, au ikinunua mitambo yake yenyewe, ratiba wanapanga wataalamu. Diwani anapiga simu, anaomba, anasubiri kama wewe.

Sasa kuna watu wakishasikia hayo wanaruka moja kwa moja, wanasema basi barabara zirudi halmashauri, na hii hoja si ya kuicheka. Ina mantiki ya nguvu. Yule unayempigia kura ndiye anayepaswa kushika kitu unachokidai, vinginevyo kura inakuwa ya kumpigia mjumbe wa kupeleka salamu. Na si barabara tu, hata kodi ya majengo ambayo nchi nyingi ndiyo mkate wa serikali za mitaa, kwetu siku hizi inakusanywa na TRA, mamlaka ya mapato ya taifa, tangu 2021 inakatwa kwenye LUKU, na nyumba ya kawaida inakatwa 1,500 kwa mwezi tangu ilipopandishwa 2023. Mwananchi analipa akinunua umeme, hamwoni diwani kwenye ile risiti, hamwoni mkurugenzi, halafu anaambiwa aende akadai maendeleo kwa diwani. Uzi kati ya anacholipa na anachodai umekatwa katikati. Ukiniuliza, hilo ndilo tatizo zito zaidi kuliko hata hilo la TARURA.

Lakini kurudisha barabara zote kwenye mabaraza kuna kitu kinasahauliwa, nacho ni jinsi hela ndogo inavyogawanywa na watu wanaotaka kurudi nyumbani na kitu mkononi. Baraza lina madiwani wengi, kila mmoja ana kata, na kila kata ina barabara mbovu. Njia rahisi ya kuelewana ni kugawana sawa, kila mtu apewe mita zake chache za moramu, na moramu ya kugawana haimalizi msimu. TARURA ina mtandao wa zaidi ya kilomita 144,000 nchi nzima na bajeti yake haitoshi hata nusu ya ndoto zetu, kwa hiyo kuna mahali lazima mtu aseme hii kwanza na ile baadaye, na asiyetafuta kura anaweza kulisema hilo bila kuogopa. Zaidi ya hapo maji hayajui mpaka wa kata. Mto Msimbazi unashuka kutoka vilima vya Pugu, unapita kata kibao, mwisho wake Jangwani na daraja la Salander. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliyoua watu zaidi ya 40 hayakumuuliza mtu anatoka kata gani. Ukimpa kila diwani mtaro wake ajenge anavyojua, wa juu ataharakisha maji yamtoke na wa chini atayapokea sebuleni. Kwa hiyo mi nipo katikati hapo: barabara zibaki kwa wakala, ila mpango wa mwaka wa wakala uwekwe mezani kwa baraza mapema ukiwa bado unaweza kubadilishwa, na baraza liwe na haki ya kuurudisha kwa maandishi. Kusomewa taarifa baada ya mkandarasi kushaingia saiti haisaidii mtu.

Kundi la pili linasema, sawa hana greda, lakini diwani mjanja analeta greda. Wanataja kata fulani ambayo ghafla imepata lami huku jirani yake ina mashimo. Siwezi kukataa, ushawishi upo, diwani anayejua kubisha hodi na anayejua kuandika barua anapata kuliko anayekaa kusubiri, na ye ndiye mwenyekiti wa Kamati ya Maendeleo ya Kata ambako vipaumbele vinaanzia, mtendaji wa kata akiwa katibu. Ila angalia hapo tunachosifia ni nini. Tunasifia bahati. Tunamwambia kila diwani kazi yako ni kuwa mjanja kuliko mwenzako, na kata yenye diwani mpole wenye nyumba wake wamekula hasara miaka mitano. Halafu ujanja wenyewe unafanyika wakati gani? Hapa ndipo naona watu wengi hawajui kalenda, na hii kalenda ndiyo siasa yenyewe.

Mwaka wa fedha unaanza Julai 1, lakini bajeti inayoanza Julai haiandikwi Juni. Mwongozo unatoka mwishoni mwa mwaka unaotangulia, vipaumbele vinakusanywa mitaani na kwenye kamati ya kata, mwanzoni mwa mwaka baraza linapitisha, inapanda mkoani, inapanda TAMISEMI, Aprili waziri anasimama Dodoma kuisoma bungeni. Masika inaanza Machi mpaka Mei. Yaani wakati maji yapo magotini na tunarekodi video za bajaji zikielea na kumtag diwani, bajeti ya mwaka unaokuja imeshapita baraza na imeshaondoka mjini. Kelele zetu zinafika mezani wakati meza imeshafutwa. Anayejua kufoka Aprili tunamwona mpiganaji, na yule aliyekuwa anahesabu makalavati yaliyoziba mwezi Novemba wakati wa vuli, akapeleka orodha yenye mtaa, jina la barabara na urefu, huyo hata picha yake hatuna. Ukiniuliza diwani bora ni yupi nitakwambia nionyeshe muhtasari wa kamati yake ya kata wa Novemba na Desemba. Picha za greda bakini nazo.

Kundi la tatu ndilo linalonikera, na bahati mbaya linakua. Hao wanasema kama diwani hana barabara, hana kodi ya majengo, hana mamlaka ya kumtoa mkurugenzi maana mkurugenzi anateuliwa na Rais, basi wafutwe tu, posho zao zikajenge madarasa. Inasikika kama hesabu ya busara mpaka ukumbuke kwamba nchi hii ilishajaribu. 1972 serikali ilifuta halmashauri kwenye mpango wa madaraka mikoani, shughuli zikashikwa na maofisa walioteuliwa kutoka juu. Miji ikachakaa, mitaro, taka, maji, na miaka hiyo hiyo ya sabini kipindupindu kikaingia. 1978 halmashauri za miji zikaanza kurudishwa, 1982 zikaja sheria namba 7 na namba 8 ambazo mpaka leo ndizo mgongo wa serikali za mitaa, na 1984 Mwalimu Nyerere mwenyewe akasema kwenye mahojiano kwamba kufuta serikali za mitaa ni moja ya vitu ambavyo angepata nafasi tena asingevifanya. Ye akisema hivyo, sijui sisi tunatafuta nini tena.

Watakurudishia hoja ya Tume. Kwamba 1996 baraza la Jiji la Dar lilivunjwa, Tume ya Jiji chini ya Charles Keenja ikashika usukani mpaka 2000, na jiji likang'aa, na hakukuwa na diwani hata mmoja. Ni kweli Tume ilisifiwa, na wazee wa Kariakoo bado wanaikumbuka. Ila Tume ilikuwa ya muda, ilikuwa na macho ya serikali nzima juu yake, na ilipomaliza kazi ikazaa manispaa tatu zenye madiwani, kwa sababu hata walioipanga walijua jiji huwezi kuliendesha kwa dharura milele. Na usichanganye na ya Februari 2021, pale Magufuli alipovunja Halmashauri ya Jiji la Dar na Ilala ikapandishwa kuwa Jiji. Ile iliondoa ghorofa moja ya juu iliyokuwa imekalia manispaa nyingine, wananchi walibaki na madiwani wao wa kata kama kawaida. Dar yenye watu milioni 5.4 kwa sensa ya 2022, ukiondoa madiwani, mwananchi wa Kitunda au Mbezi akiwa na shida ya gari la taka anamwendea nani? Mbunge yuko Dodoma. Mkuu wa wilaya ana wilaya nzima. Mwenyekiti wa mtaa hana kiti kwenye baraza.

Tuje sasa kwenye vile alivyonavyo, na nianze na mtaro kwa sababu ndiyo unatuua kimya kimya. Chukua mtaro wowote wa zege uliojengwa na mradi miaka michache iliyopita, uuangalie kwa karibu. Mwanzoni ulikuwa unapitisha maji vizuri. Sasa nusu ya kina ni mchanga, juu ya mchanga kuna chupa za maji, pampasi, makopo, matambara, na kile kitu cheusi kinachonuka ambacho ni maji ya chooni mtu kayafungulia usiku mvua ikinyesha. Mifuniko mingine imevunjika, mwenye duka kaweka mbao mbili wateja wavuke, na pale pasipo na mbao kuna alama ya tairi ya bajaji iliyozama. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Juni 1, 2019 na kweli imepungua, ila chupa hazikupigwa marufuku. Muulize nani anasafisha huo mtaro. Wakala atasema kuta za mtaro ni zangu, taka si zangu. Halmashauri itasema taka za majumbani tumempa mzabuni, mtaro ni wa barabara. Mzabuni atasema mkataba wangu ni nyumba kwa nyumba. Mtaa utasema tufanye usafi Jumamosi ya mwisho wa mwezi, mnafanya, mchanga mnauweka ukingoni, mvua inaurudisha.

Hiyo ndiyo kazi ya diwani hasa, na haihitaji Benki ya Dunia. Mkataba wa taka ni wa halmashauri. Sheria ndogo za usafi zinapitishwa na baraza. Kamati ya Mipango Miji na Mazingira wanaokaa ni madiwani. Kuandika kwenye mkataba kwamba mzabuni azoe na mchanga wa mtaroni ndani ya saa kadhaa, kuitaka halmashauri na wakala wakubaliane kwa maandishi nani anashika koleo kwenye mtaro upi, kutenga hela ya ndani ya mafundi wa kumwaga mifuniko ya zege, hivyo vyote diwani anaweza kuvileta kama hoja na kura zikapigwa. Havipigiki picha nzuri, hilo nakubali. Niliwahi kukaa kwenye mkutano wa mtaa mzee mmoja akasimama akauliza gari la taka limepotelea wapi, diwani akajibu kwamba mwaka huu tumepata lami kilomita moja na nusu, ukumbi ukapiga makofi, mzee akakaa. Hakujibiwa. Na makofi yalikuwa yetu.

Mikopo ya asilimia 10 ni hivyo hivyo. Kisheria halmashauri inatenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu, bila riba. Aprili 2023 serikali iliisimamisha baada ya ripoti za CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, kuonyesha hela haikurudi na vikundi vingine havikuwepo, ikarudi 2024 na utaratibu mpya. Taarifa za kata zinatuonyesha ile hundi kubwa ya karatasi, akina mama wamevaa vitenge sare, kila mtu anacheka. Sijaona taarifa ya kata inayosema katika vikundi tulivyokopesha mwaka juzi vingapi vimerudisha, vingapi vimekufa, vingapi vilikuwa vya shemeji. Na hii ni hela inayozunguka, isiporudi kikundi cha mwakani hakikopi. Diwani anazo hizo namba, zinapita kwenye vikao vyake. Anatuonyesha inayotoka tu, na sisi inayorudi hatumuulizi.

Kuna utetezi mmoja wa madiwani ambao nauheshimu, kwamba ukimwambia mwananchi ukweli kuwa barabara si yako, unaonekana unakwepa, na mpinzani wako ndani ya chama kesho anaahidi lami na anakutoa kwenye kura za maoni. Ni kweli kabisa. Diwani anayeandika "nimeuliza swali, nimejibiwa hivi, sijaridhika" anapata watu wachache wa kumsoma, anayeweka greda anapata mamia. Kwa hiyo sitegemei wabadilike wenyewe. Soko la taarifa tunalitengeneza sisi, na diwani anauza kinachonunuliwa. Ila gharama yake ni kwamba kila baada ya miaka mitano tunachagua watu kwa ahadi wasiyoweza kuitimiza, wanashindwa, tunawachukia, tunawabadilisha kwa wengine wenye ahadi ile ile, na katikati hapo wakala unafanya mpango wake bila presha yoyote ya maana, mzabuni wa taka anaongezewa mkataba, na mkurugenzi anapitisha kikao cha robo mwaka kwa saa mbili na chai.

Kubadilisha hilo hakuhitaji sheria mpya, angalau hatua ya kwanza. Ikiingia taarifa yenye greda, iulizwe kwa adabu tu: mwajiri ni nani, mkandarasi nani, hela ya mfuko gani, inaisha lini, na baada ya mkandarasi kuondoka nani anasafisha mtaro wake. Diwani asiyejua majibu ataenda kumuuliza meneja, na meneja akiulizwa na kata kumi swali lile lile ataanza kuja na majibu kwenye baraza. Ile ya lami kwetu lini ihamishiwe kwenye kamati ya kata mwezi Novemba, iandikwe kwenye muhtasari ikiwa na jina la barabara na urefu wake, na nakala iombwe kwa mtendaji. Baraza la robo mwaka liko wazi kwa wananchi kukaa na kusikiliza. Viti vya nyuma kwa kawaida vipo vitupu.